Majina matatu, barieri tatu: namna miji ya Kivu ilivyojifunza kuhesabu ugonjwa

Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Julai 2019, basi moja la abiria lilitoka Butembo kuelekea Goma. Ndani yake mlikuwa na dereva, abiria 18 wazima na msafiri mmoja mgonjwa. Njiani basi lilisimama kwenye barieri tatu za afya. Kila mahali abiria walishuka, wakanawa mikono, wakapimwa joto kwa termoflashi, na majina yao yakaandikwa kwenye orodha ya wasafiri. Jumapili tarehe 14 basi likafika Goma. Jioni ya siku hiyohiyo maabara ikathibitisha kwamba yule msafiri ana Ebola. Alikuwa mgonjwa wa kwanza katika mji wenye watu wapatao milioni mbili, ulio mpakani kabisa na Rwanda.

Wizara ya Afya ilipolinganisha orodha za barieri, iligundua jambo lililowashangaza wengi. Kwenye kila barieri msafiri huyo alikuwa ametoa jina tofauti. Barieri tatu, majina tofauti, mtu mmoja. Watumishi wa barieri walikuwa wamefanya kazi yao, na kila jina liliandikwa vizuri. Lakini daftari la barieri ya kwanza halikuweza kuzungumza na daftari la barieri ya pili, na mgonjwa mwenyewe aliona afadhali asijulikane.

Historia ya miji yetu na magonjwa ya mlipuko iko katika mambo hayo mawili. La kwanza ni la ufundi: namna ya kuzifanya habari zitembee haraka kuliko ugonjwa. La pili ni la watu: kwa nini mtu aogope kusema jina lake. Tangu mwaka 2018, simu, kompyuta na maabara za kisasa zimesaidia sana katika jambo la kwanza. La pili bado linangoja.

Kabla ya simu

Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza nchini mwetu mwaka 1976, huko Yambuku, simu ya mkononi haikuwepo popote duniani kwa mtu wa kawaida. Habari zilitoka kwenye misheni kwa foni, ile redio ya mawasiliano ya misheni na vituo vya mbali. Watu 318 waliugua, 280 wakafariki. Daktari kijana kutoka Kinshasa, Jean-Jacques Muyembe, alikwenda huko mwenyewe kuona ni ugonjwa gani, akachukua damu ya wagonjwa kwa mikono yake.

Mwaka 1995 Ebola ikaingia Kikwit. Safari hii haikuwa kijiji, ulikuwa mji. Watu 315 waliugua na wengi wao wakafariki. Kikwit haikuwa na simu za mkononi wala intaneti. Wanafunzi wa udaktari na watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ana homa, nani amekufa, nani alimwosha marehemu. Majina yaliandikwa kwenye karatasi, karatasi zikaletwa pamoja, na kila siku hesabu ikafanywa upya. Kazi ilikuwa ya miguu, lakini ilifanikiwa, kwa sababu waliopita nyumbani walikuwa watoto wa mji ule. Waliulizwa habari za jirani, nao walikuwa majirani.

Somo hilo la Kikwit lingepaswa kukumbukwa mapema huku Kivu. Lilichelewa kukumbukwa.

Beni, Agosti 2018

Mwisho wa Julai 2018, damu ya wagonjwa kutoka Mangina, karibu na mji wa Beni, ilipelekwa Kinshasa kwenye maabara ya INRB. Tarehe 1 Agosti Wizara ya Afya ikatangaza mlipuko wa kumi wa Ebola katika historia ya nchi. Ulikuwa wa kwanza kupiga katika eneo la vita, na ulipita katika miji mikubwa ya biashara: Beni, kisha Butembo, kisha Goma.

Muda mfupi baadaye mashine ndogo za maabara zinazoitwa GeneXpert zilifungwa hukuhuku. Damu haikuhitaji tena kupanda ndege hadi Kinshasa, na jibu likawa linapatikana siku ileile. Kulikuwa pia na chanjo, ambayo haikuwepo Yambuku wala Kikwit. Ilitolewa kwa duara: mgonjwa akithibitishwa, wanatafutwa wote waliomgusa, kisha wanatafutwa waliowagusa hao, wote wanachanjwa. Waliomgusa mgonjwa, ambao kila mtu Beni alijifunza kuwaita kontakti, wanatembelewa kila siku kwa siku 21.

Mpango huo wote unasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni orodha. Ukikosa majina sahihi, chanjo haina pa kwenda. Na orodha hizo mwanzoni zilikuwa nyingi kupita kiasi. Timu moja iliandika kwenye karatasi, nyingine kwenye tebo za kompyuta, nyingine ilituma majina kwa WhatsApp. Waliofuatilia kontakti walikuwa na faili yao, waliochanja na yao, maabara na yake, barieri na zake. Jina moja liliandikwa kwa herufi tofauti mahali tofauti. Mtu aliyetoka Beni kwenda Butembo alitoka kwenye faili moja bila kuingia kwenye nyingine. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya wagonjwa wapya walikuwa watu ambao hawakuonekana kabisa kwenye orodha ya kontakti. Ugonjwa ulikuwa unawajua kabla ya riposti kuwajua.

Mji usiojua idadi ya watu wake

Kuna aliyeweza kusema kwamba dawa ni programu nzuri ya kompyuta. Lakini programu huanza na maswali mepesi: mtu huyu ni nani, anakaa wapi? Maswali hayo katika miji yetu si mepesi hata kidogo.

Sensa ya mwisho ya watu nchini Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo miji ya mashariki imepokea mawimbi ya watu waliokimbia vita, na kartie nzima zimeota mahali palipokuwa mashamba. Nyumba nyingi hazina namba. Raia wengi hawana kitambulisho kingine isipokuwa kadi ya uchaguzi, na walio chini ya umri wa kupiga kura hawana hata hiyo. Ukimuuliza mtu anakaa wapi, atakuambia nyuma ya kanisa fulani, karibu na mwembe, au kwa mama fulani anayeuza makala.

Anayejua nani anakaa wapi ni chefu wa avenyu. Juu yake kuna chefu wa kartie, kisha bwanameya wa komune, kisha meya wa mji. Beni ina komune nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Butembo nayo ina nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Ngazi hiyo ya utawala ndiyo mtandao wa zamani kuliko wote. Haihitaji umeme wala mega. Chefu wa avenyu anajua nani amefiwa, nani amepokea mgeni usiku, nani amehama.

Katika miezi ya kwanza ngazi hiyo iliachwa pembeni mara nyingi. Wageni walifika kwa magari makubwa, wakiwa na kompyuta na mavazi ya kutisha, wakizungumza Kifaransa katika kartie za Kinande na Kiswahili. Watu waliona pesa nyingi zikiingia kwa ugonjwa mmoja, wakati malaria inaua watoto wao kila mwaka na wanaouawa na waasi wanazikwa kila wiki. Ndipo likazaliwa lile neno ambalo kila mtu Beni na Butembo analijua: biashara ya Ebola.

Intaneti ilipokatwa

Tarehe 22 Septemba 2018 waasi wa ADF walishambulia mji wa Beni na kuua raia. Mashirika ya raia yakatangaza mji uliokufa, maduka yakafungwa. Kwa siku kadhaa timu hazikuweza kuwafikia kontakti, na ufuatiliaji ukaporomoka. Wiki zilizofuata wagonjwa waliongezeka.

Katika mwezi huohuo wa Septemba, watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo maswali juu ya ugonjwa na juu ya viongozi. Majibu yao yalichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la utabibu la Lancet Infectious Diseases. Zaidi ya robo walisema hawaamini kwamba Ebola ipo. Chini ya theluthi moja walisema wanaamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea masilahi yao. Utafiti ulionyesha pia kwamba asiyewaamini viongozi alikuwa mgumu zaidi kukubali chanjo. Kwa hiyo kutokuamini nako kuliweza kupimwa kwa namba, kama homa.

Kisha ikaja siasa. Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima tarehe 30, na sababu zilizotajwa ni Ebola na usalama mdogo. Wakaaji wa Beni waliona wamenyimwa haki yao kwa kisingizio cha ugonjwa. Siku ya kura walipanga foleni na kuendesha uchaguzi wao wa alama, ili dunia ione kwamba walikuwa tayari. Kwa wengi, siku hizo ndizo zilizothibitisha mashaka yao: Ebola imeletwa kwa ajili ya siasa.

Tarehe 31 Desemba intaneti ikakatwa nchi nzima, na ujumbe mfupi wa simu ukazimwa pia. Hali hiyo iliendelea kwa karibu siku 20. Wakati huo mlipuko wa Ebola ulikuwa unaendelea katika miji miwili mikubwa. Serikali ileile iliyowaomba wananchi watumie simu kutoa habari za wagonjwa ndiyo iliyozima mtandao. Yafaa jambo hilo likumbukwe kila mara tunaposikia ahadi za mji wa kidijitali. Chombo kinachotegemea mtandao kinategemea pia mkono unaoshika kifungo.

Mwaka 2019 hasira zikageuka moto. Kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa tarehe 24 Februari, cha Butembo tarehe 27. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, raia wa Cameroon aliyekuwa akifanya kazi na OMS, aliuawa kwa risasi katika hospitali mjini Butembo. Hakuna programu ya simu ingeweza kuzuia hayo.

Redio ikafanya kazi ya mtandao

Mabadiliko yalianza pale waliopambana na ugonjwa walipoanza kusikiliza kabla ya kusema. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita kwenye kartie wakiandika maswali, malalamiko na uvumi kama yalivyosemwa na watu. Maneno hayo yaliingizwa kwenye kompyuta, yakapangwa kwa makundi, na yakarudishwa kwa waliokuwa wakiongoza kazi. Hivyo iliwezekana kuona kwamba wiki hii watu wanauliza kuhusu mazishi, wiki ile kuhusu chanjo, na katika kartie fulani swali kubwa ni kwa nini wagonjwa wanachukuliwa usiku.

Hiyo nayo ilikuwa teknolojia, na pengine ndiyo iliyofaa kuliko zote, kwa sababu habari ilitoka kwa raia kwenda kwa mkubwa. Lakini jibu halikuwafikia watu kwa kompyuta. Liliwafikia kwa redio za jamii, kwa Kiswahili na Kinande, katika vipindi ambamo msikilizaji alipiga simu na kumuuliza daktari uso kwa uso, kama tunavyosema.  Kisha waliopona wakaanza kuzungumza hewani. Aliyesikia sauti ya jirani yake aliyetoka kituoni akiwa mzima hakuhitaji takwimu.

Goma, Julai 2019

Turudi kwenye lile basi. Kwa nini Goma haikuwa Beni nyingine?

Goma ilikuwa na karibu mwaka mzima wa kujiandaa. Wauguzi walikuwa wamekwisha kuchanjwa, maabara ilikuwepo, na mgonjwa alipofika kwenye kituo cha afya alitambuliwa siku ileile. Dereva na abiria 18 walitafutwa mara moja, na Jumatatu tarehe 15 chanjo ikaanza. Tarehe 17 Julai OMS ikautangaza mlipuko kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Tarehe 20 Rais Tshisekedi akamkabidhi Profesa Muyembe uongozi wa mapambano, miaka 43 baada ya Yambuku.

Mwisho wa Julai akapatikana mgonjwa wa pili, asiyekuwa na uhusiano na wa kwanza, aliyetoka Ituri. Baada yake watu wawili wa familia yake waliugua. Tarehe 1 Agosti Rwanda ilifunga mpaka kwa saa kadhaa, na maelfu ya watu wanaovuka kila siku kwenye barieri ndogo kutafuta chakula walijikuta wamekwama. Lakini hesabu ya Goma iliishia kwa wagonjwa wanne. Hakukuwa na wa tano.

Haikuwa kompyuta peke yake. Ilikuwa kasi ya maabara, chanjo iliyokuwa tayari, orodha fupi ambayo mtu mmoja anaweza kuisoma na kuielewa, na wakaaji waliokubali kufungua mlango. Majina ya uongo ya barieri yalizibwa na majina ya kweli yaliyotolewa na watu waliosafiri pamoja.

Kompyuta zilipopata adabu

Baadaye katika mlipuko huo OMS ilileta programu iitwayo Go.Data, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuunganisha wagonjwa, kontakti na minyororo ya maambukizi katika hifadhi moja. Badala ya faili kumi, mtu mmoja apate ukurasa mmoja. Ilikuja kwa kuchelewa, lakini ilionyesha kazi ingefanywaje tangu siku ya kwanza.

INRB nayo ilifungua huko Katwa maabara ya kusoma chembe za urithi za kirusi. Kila kirusi kinapoambukiza hubadilika kidogo, kwa hiyo ukisoma virusi vya wagonjwa wawili unaweza kujua kama wanatoka kwenye mnyororo mmoja. Njia hiyo iligundua jambo ambalo hakuna daftari lingeligundua: mtu aliyekuwa amepona aliugua tena miezi kadhaa baadaye, na kutoka kwake mnyororo mpya ukafikia wagonjwa 91. Bila kompyuta, mapambano yangeendelea kutafuta chanzo mahali pasipo.

Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafariki, 1,171 wakapona. OMS ilihesabu kontakti 250,000 walioandikwa, sampuli 220,000 zilizopimwa na zaidi ya watu 303,000 waliochanjwa. Nyuma ya kila namba kuna mtu aliyekubali, au aliyekataa, kusema jina lake.

Miji mingine, hofu ileile

Asidhani mtu kwamba hofu ya jina ni ugonjwa wa Kivu. Mwezi Julai 2014 msafiri mwenye Ebola alishuka Lagos, mji mkubwa kuliko miji yote ya Nigeria. Wengi walitabiri maafa. Watumishi wa afya walipewa simu zenye programu ya kutuma habari za kontakti papo hapo. Lakini hesabu inayostahili kukumbukwa ni nyingine: kontakti 894 walitembelewa uso kwa uso karibu mara 18,500. Nigeria ilimaliza na wagonjwa 20 na vifo 8. Simu ilipeleka habari haraka. Waliogonga milango ni watu.

Korea ya Kusini ilipigwa na MERS mwaka 2015, watu 186 wakaugua na 38 wakafariki. Baada ya hapo sheria ilibadilishwa, ikawapa viongozi uwezo wa kufuata mgonjwa kwa simu yake, kadi yake ya benki na kamera za barabarani. Ilipokuja COVID-19 mwaka 2020, nchi hiyo ilisifiwa dunia nzima. Lakini mwezi Mei mwaka huo mlipuko ulitokea katika vilabu vya usiku vya mtaa wa Itaewon, Seoul. Wengi waliokuwa pale waliogopa kujulikana, kwa sababu baadhi ya vilabu hivyo hutembelewa na watu wanaodharauliwa katika jamii. Kamera na kadi hazikutosha kuwatoa. Mji wa Seoul ukaamua kuwaruhusu watu wapimwe bila kutaja jina, wakiacha namba ya simu tu. Waliokwenda kupimwa wakaongezeka sana.

Mji tajiri, wenye kila chombo, uligundua kile kile ambacho Butembo ilikuwa imekigundua kwa machozi: ukimhakikishia mtu usalama, atakuja mwenyewe.

Kadi za simu wakati wa COVID-19

Mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 nchini Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 24 Rais akatangaza hali ya dharura, na kuanzia tarehe 6 Aprili komune ya Gombe ikafungwa. Ili kujua kama watu wanatii, shirika la Flowminder lilishirikiana na Wizara ya Afya pamoja na kampuni za simu, Vodacom na Africell. Walitazama jinsi simu zinavyohama kutoka mnara mmoja hadi mwingine, bila majina ya wenyewe, wakichora picha ya mji unavyotembea.

Ni njia yenye heshima zaidi kuliko kufuata mtu mmoja mmoja. Lakini ina kipofu chake. Inamhesabu mwenye simu. Mtoto hahesabiwi, wala bibi asiye na simu, wala familia ya watu wanane inayotumia simu moja yenye kioo kilichopasuka. Tena mtu anayetembea si lazima awe mkaidi. Mama anayeuza fretini hukutana na njaa kabla ya kukutana na kirusi. Ramani inaonyesha kwamba ametoka nyumbani, haionyeshi kwa nini.

Mpox na kambi zilizotoweka

Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza tena dharura ya kimataifa, safari hii kwa mpox. Aina mpya ya kirusi ilikuwa imeonekana kwanza Kamituga, Kivu ya Kusini, na ilikuwa imeshafika Goma, hata katika kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na nyinginezo. Huko watu waliishi mahema yakigusana, na ushauri wa kutengana ulikuwa kama dhihaka. Tarehe 5 Oktoba kampeni ya chanjo ilizinduliwa Goma.

Kambi ilikuwa na kitu kimoja ambacho kartie nyingi hazina, nacho ni orodha. Kila familia iliandikwa, bloku yake ikajulikana, rais wa kambi na wakubwa wa bloku walijua nani yuko wapi. Kwa ajili hiyo ilikuwa rahisi zaidi kumfuata mgonjwa kambini kuliko mjini.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na M23 ikauteka mji. Umeme na intaneti vilikatika kwa siku kadhaa. Wagonjwa wa mpox waliokuwa wametengwa walikimbia pamoja na walezi wao. Mwezi Februari kambi zikabomolewa, watu wakatawanyika: wengine vijijini kwao, wengine katika makanisa na shule, wengine kwa ndugu. Orodha zilibaki kwenye kompyuta, lakini watu wenyewe hawakuwa tena pale zilipowaandika.

Kwa aliyekimbia, neno orodha lina maana mbili. Ni unga, mafuta na hema, kwani asiye kwenye orodha hapati kitu. Lakini ni hatari pia, kwa sababu katika miaka thelathini ya vita kuna orodha zilizotumika kuwatafuta watu. Mama anayekataa kutaja kijiji alikotoka hakosi akili. Ana kumbukumbu.

Deni la anayeandika jina

Tangu tarehe 13 Machi 2023 Kongo ina sheria yake ya kidijitali, inayogusa pia ulinzi wa habari za mtu binafsi. Ni hatua nzuri. Lakini sheria iliyoko kwenye Gazeti Rasmi haijafika kwenye barieri, wala kwenye meza ya anayeandika majina chini ya mti.

Historia hii ya kutoka Yambuku mpaka kambi za Goma inaonyesha anachopaswa kujibu yeyote anayeshika kalamu au simu kuandika jina la raia wakati wa mlipuko. Jina langu litakaa kwa nani? Nani mwingine ataliona, na je, polisi, jeshi au kundi lenye silaha wataweza kulipata? Litafutwa lini, siku 21 zikiisha? Na nikitaja jina langu, nitapata nini: dawa, chakula cha siku za kutengwa, au macho ya majirani tu?

Maswali hayo hayahitaji kompyuta kubwa. Yanaweza kujibiwa na meya kwenye redio, na chefu wa avenyu mlangoni, na muuguzi kabla ya kuwasha simu yake. Mji ukiyajibu mapema, wakati hakuna mlipuko, utakapofika ugonjwa mwingine kazi itakuwa nusu. Usipoyajibu, utanunua vyombo vipya na kuvijaza majina ya uongo.

Msafiri wa Julai 2019 alifariki siku chache baada ya kufika Goma. Hakuna anayejua kwa hakika alichokuwa akikiogopa alipotoa jina tofauti kwenye kila barieri. Lakini wengi wa wanaosoma habari hii wamewahi kusimama kwenye barieri, karatasi mkononi, wakijiuliza ni jina gani la kusema. Wao ndio mji. Chombo chochote cha kuulinda mji kitaanza kufanya kazi siku watakapoona wanaweza kusema jina lao la kweli bila kuogopa.